Matairi ya lami yanayodumu kwa pikapu inayotembea kilometa nyingi: nichague aina gani?

Msafiri Mrefu

Habari zenu, ndugu zangu. Nina pikapu ya kabini mbili ambayo mita yake imeshapita kilometa 380,000, na bado ndiyo inayonipa riziki. Kwa mwezi natembea karibu kilometa 4,000. Katika kila safari kumi, tisa ni za lami tupu. Ile moja iliyobaki ina kipande cha changarawe. Nikienda nabeba mzigo wa kilo 400 hadi 600 pamoja na wasaidizi wawili kwenye kiti cha nyuma, na nikirudi gari ni tupu.

Seti ya matairi iliyokwisha sasa niliichagua kwa makini, au ndivyo nilivyodhani. Nilichukua saizi ya LT265/70R17 (LT ni tairi la magari mepesi ya mizigo), aina ya A/T, yaani ya barabara za kila namna, yenye kashata kubwa (vile vibonge vya mpira vinavyogusa barabara) na alama ya E ubavuni, inayoonyesha daraja la mzigo, kwa sababu niliambiwa kwamba tairi nene na gumu ndilo linalodumu. Yamefika kilometa 42,000 na hayafai tena. Seti iliyotangulia, ambayo ilikuwa ya kawaida kabisa ya H/T, yaani ya barabara kuu, na isiyo na herufi LT, ilivuka 70,000. Kwa hiyo nimelipa zaidi nikapata pungufu, na juu ya hayo gari limekuwa likinguruma kwenye lami na kunywa mafuta zaidi kuliko zamani.

Naomba ushauri kwa mambo matatu. Je, nirudi kwenye H/T au nijaribu A/T ya kampuni nyingine? Je, kwa mzigo ninaobeba, LT ni lazima? Na ile namba iliyochapwa ubavuni karibu na neno TREADWEAR, ambayo kwenye baadhi ya matairi husoma 500 na kwenye mengine 700, inaweza kuniambia tairi litafika kilometa ngapi?

Fundi Magurudumu

Ndugu Msafiri, kabla hujanunua chochote, tafadhali usiyatupe hayo matairi yaliyokwisha, kwa maana ndiyo yatakayokueleza la kufanya. Tairi lililochakaa sawasawa kutoka bega hadi bega limemaliza umri wake, na hapo ndipo inapofaa kuzungumzia aina na kampuni. Lililochakaa upande mmoja, au kwenye mabega yote mawili huku katikati pakiwa pazima, limeuawa na kitu kingine, na kitu hicho kitaua seti ijayo hata ukinunua matairi bora kuliko yote.

Chukua geji ya kupimia kina cha kashata, upime kila tairi sehemu tatu: ndani, katikati na nje. Kisha papasa kashata kwa kiganja, kwanza kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje, utuambie ulichokihisi. Tuambie pia upepo ulikuwa unajaza kiasi gani na uliupata wapi. Kama kuna mzani wa magari njiani kwako, omba wakupimie ekseli ya nyuma peke yake ikiwa na mzigo wa kawaida.

Msafiri Mrefu

Nashukuru, fundi. Imenichukua siku tatu kupata mzani, ila majibu ninayo.

Matairi mawili ya nyuma yanafanana: katikati yana milimita 5.5, na mabega yote mawili yana milimita 2. Tairi la mbele kulia ni milimita 4 nje, 4.5 katikati na 2.5 ndani. La mbele kushoto ndilo baya zaidi, kwani ndani limebaki na milimita 1.6, yaani kashata zimefika sawa na vile vibonge vidogo vilivyo ndani ya mifereji, na nje lina milimita 4. Nilipolipapasa hilo la kushoto kutoka ndani kwenda nje kiganja kiliteleza vizuri. Niliporudisha mkono, kila kashata ilinikwaruza kama meno ya msumeno.

Upepo nimekuwa nikijaza psi 29 kwa magurudumu yote, kama inavyosema karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na huwa napima mara moja kwa mwezi hivi. Mara nyingi nakuta umeshuka hadi 26 au 27. Ekseli ya nyuma ikiwa na mzigo ilisoma kilo 1,720.

Fundi Magurudumu

Asante kwa vipimo. Sasa tunaongea tukiwa na ushahidi mkononi. Matairi yako yameuawa na mambo mawili tofauti, moja nyuma na jingine mbele.

Tuanze na nyuma. Mabega mawili yakiisha kabla ya katikati, hiyo ni sahihi ya upepo mdogo kwa mzigo uliopo: tairi linajikunja, katikati panainuka kidogo na uzito wote unalalia mabegani. Nawe ulikuwa unafuata karatasi ya mlangoni, kwa hiyo sikulaumu. Ila karatasi ile imeandikwa kwa ajili ya tairi la kiwandani, na tairi la LT halifanyi kazi kwa upepo ule ule. Watu wengi wanaamini kwamba tairi la LT, kwa kuwa ni gumu, linabeba zaidi kwa upepo wowote, kumbe kwa upepo mmoja linabeba *pungufu* kuliko la kawaida la saizi ile ile, na uwezo wake mkubwa unapatikana tu ukilijaza upepo mwingi. Saizi yako ya 265/70R17 katika tairi la kawaida lenye namba ya mzigo 115 hubeba kilo 1,215 likiwa na karibu psi 36. LT ya saizi hiyo hiyo inahitaji karibu psi 50 ili ibebe kilo 1,120, na zile kilo 1,450 za alama ya E huzipati mpaka ufike psi 80. Wewe uliijaza 29, ikashuka 26, kisha ukaiwekea kilo 860 kila upande. Matairi hayo yalikuwa yakitembea nusu pancha kwa kilometa elfu arobaini na mbili, na namshukuru Mungu kwamba hayakupasuka, kwa sababu kujikunja kule huzalisha joto ndani ya ubavu, na joto ndilo linalotenganisha tabaka za tairi.

Naomba uisome tena ile karatasi ya mlangoni taratibu. Kwenye pikapu nyingi ina mistari miwili: mmoja wa gari tupu na mwingine wa gari lenye mzigo kamili.

Mbele ni jambo jingine. Upande wa ndani kuisha peke yake, pamoja na yale meno ya msumeno uliyoyahisi, ni dalili kwamba magurudumu hayaelekei mbele sawasawa, hivyo kila mzunguko tairi linaburutwa kidogo kwa ubavu. Utaambiwa ufanye alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, na ni kweli, lakini kwa gari la kilometa 380,000 usianze na alaimenti. Anza kwa kupandisha gari kwa jeki na kutikisa gurudumu la mbele, mikono juu na chini, kisha kushoto na kulia. Ukisikia mchezo, tafuta chanzo chake: boljointi, ncha za tairodi, beringi, au bushi za mikono ya chini ya chuma inayoshikilia gurudumu, ambazo kwa umri huo huwa zimeshachanika mpira. Alaimenti iliyofanywa juu ya bushi zilizokufa hupendeza kwenye mashine na kuharibika ukifika shimo la kwanza. Angalia na shokapu. Kama ukitazama tairi kwa ubavu unaona vibonde vya duara, kimoja baada ya kingine, basi gurudumu limekuwa likidundadunda kwa sababu shokapu hailizuii tena.

Msafiri Mrefu

Nimeisoma tena karatasi. Mstari wa pili upo: gari lenye mzigo, nyuma psi 36. Miaka yote hii nimekuwa nikisoma mstari wa juu tu.

Bi. Usukani

Ndugu Msafiri, mimi si fundi, ila nimesimamia magari ya kubeba bidhaa kwa miaka mingi na kazi yangu mojawapo ilikuwa kuweka daftari la matairi. Nitajibu maswali yako ya kuchagua, kwa kuwa fundi ameshamaliza ya uchakavu.

Kwa safari zako, H/T ndilo tairi lako, na sioni shaka yoyote. Kashata za A/T ni vibonge vikubwa vilivyoachana ili kushika udongo na mawe, na kila kibonge kinapogusa lami hujipinda, husugua, kisha hujinyoosha. Msuguano huo ndio unaoula mpira, na ndio uliokuwa ukiusikia kama mngurumo. H/T ina mbavu zilizoshikana zinazoilalia lami kwa utulivu. Ndiyo maana huwa inachelewa kuisha hata kama ilipokuwa mpya kashata zake hazikuwa ndefu kama za A/T. Usipime umri wa tairi kwa kina cha kashata dukani.

Kuhusu LT, ulichopima kwenye mzani kinatosha kuamua. Tairi la kawaida lenye namba 115 hubeba kilo 1,215. Likifungwa kwenye pikapu, utaratibu wa Marekani kwa matairi ya magari ya abiria ni kugawa uwezo huo kwa 1.1, ambapo unabaki na takriban kilo 1,105 kwa tairi, sawa na 2,210 kwa ekseli. Wewe una 1,720. Nafasi ipo ya kutosha, mradi upepo uwe ule wa mstari wa pili. Kama ungekuwa unavuta trela zito kila siku au unapita njia za mawe makali, ningekushauri vingine. La msingi ni kwamba namba ya mzigo isiwe chini ya ile ya tairi la kiwandani. Hilo usilikubali hata mwuzaji akikuapia.

Sasa namba ya TREADWEAR. Ni kipimo cha kulinganisha, wala si cha kilometa. Katika mfumo wa Marekani unaotoa namba hiyo, tairi linalopimwa huendeshwa kwa msafara katika barabara za jimbo la Texas, maili 7,200, yaani kama kilometa 11,600, sambamba na tairi maalumu la kulinganishia ambalo namba yake ni 100. Uchakavu hupimwa, kisha mtengenezaji hukadiria tairi lake lingefika wapi na kulipa namba yeye mwenyewe. Kwa hiyo 600 maana yake ni kwamba kampuni inadai tairi lake litadumu mara sita ya lile la kulinganishia, katika barabara zile na kwa upepo sahihi. Namba hiyo inafaa zaidi unapolinganisha matairi mawili ya kampuni moja. Kati ya kampuni mbili, 600 ya huyu na 700 ya yule huenda zikawa sawa, au hata zikageuka. Tena mfumo huo unahusu matairi ya magari ya abiria. Ya LT hayalazimiki kuwa na namba hiyo, kwa hiyo usiione kuwa kasoro ukiikosa. Zile lebo za Umoja wa Ulaya zenye herufi A hadi E nazo hazitakusaidia kwa swali hili. Zinaeleza matumizi ya mafuta, mshiko kwenye maji na kelele, lakini hazina alama ya kudumu.

Mimi huangalia zaidi dhamana ya maili, kwa sababu pale kampuni inaweka fedha yake. Mfano unaokuhusu ni tairi la Michelin liitwalo Defender LTX M/S: kwa soko la Marekani, saizi zake za kawaida zilipewa dhamana ya maili 70,000, ambazo ni kama kilometa 112,000, lakini saizi za LT zenye herufi R ya kikomo cha mwendo zilipewa maili 50,000, yaani kama kilometa 80,000. Ni jina lile lile kutoka kampuni ile ile, na bado watengenezaji wenyewe hawakutegemea ya LT yadumu sawa na ya kawaida. Ila fahamu kwamba dhamana za namna hii haziheshimiwi kila nchi, hulipa kwa sehemu iliyobaki tu, na hudai uonyeshe kumbukumbu za kuzungusha matairi. Daftari langu lilinilipa mara mbili kwa sababu hiyo.

Mwisho, ukiwa dukani inama usome zile tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa ubavuni unaoanza na herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki na mbili zinazofuata ni mwaka, kwa hiyo 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi lililokaa stoo miaka minne limeshaanza kuzeeka kabla halijagusa barabara, hata kama linang'aa.

Njia ya Kokoto

Naheshimu maelezo ya dada hapo juu, lakini naona ile safari moja kati ya kumi imepitwa haraka mno. Changarawe haiui tairi kwa kulisugua pole pole. Jiwe moja lenye ncha linaingia kati ya kashata au linapasua ubavu, na tairi lililokuwa na umri wa kilometa 60,000 mbele yake linakwisha siku hiyo. Mimi nimepoteza matairi mawili ya kawaida kwa namna hiyo katika msimu mmoja, yote kwa kupasuka ubavuni, na tangu nihamie LT sijapasuliwa tena. Mpira wa LT kwenye uso huwa umechanganywa kustahimili kukatwa, na chini yake kuna nyuzi nzito zaidi. Ukijaza upepo unaostahili, mabega hayataisha kama yalivyoisha ya ndugu yetu.

Fundi Magurudumu

Ndugu Njia ya Kokoto, hoja yako ni ya kweli na ndiyo sababu nitamwuliza Msafiri: hiyo changarawe ni ya namna gani, na kwa seti mbili zilizopita umepasuliwa ubavu mara ngapi? Kama ni kokoto za mviringo zilizoshindiliwa, H/T itazipita miaka yote ukipunguza mwendo. Kama ni mawe ya kuvunjwa yenye kingo, nakubaliana nawe kwamba H/T ya LT, yenye upepo wa psi 50 kuendelea wakati wa mzigo, ni chaguo la busara, japo akirudi mtupu itamtikisa na nyuma katikati itaanza kuisha kabla ya mabega.

Msafiri Mrefu

Ni kokoto ndogo zilizoshindiliwa, kilometa kama ishirini kila safari ya aina hiyo. Pancha nimepata tatu kwa miaka minne, zote za misumari, na ubavu haujawahi kupasuka. Kwa hiyo nimeamua kurudi kwenye H/T ya kawaida yenye namba ya mzigo 115. Fundi wangu wa karibu alipandisha gari jana, tukakuta bushi za mkono wa chini wa kushoto zimekatika na ncha moja ya tairodi ina mchezo. Zinabadilishwa kabla ya matairi kufungwa, na alaimenti itafanywa matairi mapya yakiwa yameshafungwa.

Nimebakiwa na mawili. Tairi la akiba ni saizi ile ile na halijaguswa kwa miaka mitatu. Je, niliingize kwenye mzunguko? Na nitajuaje mapema kwamba safari hii mambo yanakwenda vizuri, badala ya kusubiri kilometa 40,000 nyingine?

Fundi Magurudumu

La akiba ulilonalo liache liwe la akiba tu. Usilichanganye na mapya barabarani. Kama gari lako linaweza kuendesha magurudumu yote manne, tairi lenye mzunguko tofauti hata kidogo linalazimisha gia za difu kufanya kazi ya kulisawazisha. Kwa sababu hiyo hiyo, usiwashe magurudumu manne kwenye lami kavu: yanavutana, na kinachoumia ni kashata. Lakini kama mfuko unaruhusu, nunua matairi matano mapya yanayofanana, uzungushe yote matano. Kila moja litapumzika kwa zamu, na seti nzima itafika mbali zaidi kwa karibu robo.

Kwa mzunguko wa manne, kila kilometa 8,000 hadi 10,000 yapeleke ya nyuma mbele bila kuyavukisha, na ya mbele yarudi nyuma kwa kupishana, la kulia liende kushoto na la kushoto liende kulia. Hakikisha tu kwamba matairi hayana mshale wa mwelekeo ubavuni. Kila yanapohamishwa, rekebisha upepo ufuate mahali tairi lilipo sasa, kwa maana linalotoka mbele na psi 29 likifika nyuma linasubiriwa na mzigo.

Upepo pima kila wiki, asubuhi kabla gari halijatembea. Tairi likipata moto upepo hupanda, na ukiupunguza wakati huo kesho utaamka na tairi laini. Hewa ya asubuhi ikipoa kwa nyuzi 5 au 6, tegemea psi 1 ishuke bila pancha yoyote. Na namba kubwa iliyochapwa ubavuni ni kikomo cha tairi. Usiigeuze kuwa lengo lako.

Sasa kuhusu kujua mapema. Siku ya kufunga, pima kina cha kila tairi sehemu tatu na uandike pamoja na namba ya mita. Rudia ukifika kilometa 10,000. Tuseme yalianza na milimita 9, na sasa yana 8 kila mahali. Kikomo cha sheria katika nchi nyingi ni milimita 1.6, ila kwa gari la mzigo mimi huyaondoa kwenye 3, kwa sababu chini ya hapo maji ya mvua hayapati pa kupita na breki huanza kuchelewa. Kutoka 8 hadi 3 una milimita 5, kila moja kilometa 10,000, kwa hiyo mbele yako kuna kama 50,000, na mara nyingi zaidi kidogo, kwa kuwa kashata zikishakuwa fupi hujipinda kidogo na kuisha polepole. Lakini ukikuta bega la ndani la mbele kushoto lina 7.4 na nje 8, usihesabu kitu. Rudi siku hiyo hiyo kwa fundi wa alaimenti, ukiwa na karatasi yako ya vipimo mkononi.